Mbwa Mwitu na Futari Yetu

Matini ya darsa iliyotolewa katika ukumbi wa jumuiya yetu hapa Uingereza, baina ya Alasiri na Magharibi, katika kumi la kati la Ramadhani.

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa zote njema anazistahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, ambaye kwa rehema yake ametufikisha katika mwezi huu mtukufu tukiwa hai na wazima. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Aali zake na Sahaba zake, na kila anayewafuata kwa wema hadi Siku ya Malipo.



Darsa ya kabla ya futari ina mtihani wake. Msemaji ana saumu, wasikilizaji wana saumu, na harufu ya sambusa inapita chini ya mlango wa jikoni bila ya kubisha hodi. Kwa kuwa nyoyo zimekwisha kuelekea kwenye chakula, tumeonelea tusizivute kwingine. Leo tutazungumza juu ya chakula chenyewe, na hasa juu ya namna tunavyokila.

Sababu ya maudhui haya ni mtoto mmoja. Katika madrasa yetu ya Jumamosi watoto waliombwa waandike sentensi chache kueleza Ramadhani ilivyo majumbani mwao. Wengi wao, kama mjuavyo, huandika kwa Kiingereza kwanza, kisha mwalimu huwasaidia kukigeuza kiwe Kiswahili. Mtoto wa miaka tisa akaandika kwamba nyumbani kwao watu hufunga kutwa nzima kwa utulivu, na jua likizama wote hu-"wolf down" chakula. Mwalimu akamuuliza hilo neno la mwisho atalisemaje kwa lugha ya bibi yake. Mtoto akafikiri kidogo, akajibu: "Tunakula kama mbwa mwitu."

Darasa zima likacheka. Mwalimu naye, kwa kukiri kwake mwenyewe, alicheka. Lakini aliporudi nyumbani sentensi ile haikumtoka, akatuletea. Nasi tulipoisoma tulicheka, kisha tukanyamaza, kwa sababu mtoto hakusema uongo. Alieleza alichokiona.

Neno alilolitumia ni la mazungumzo ya kila siku katika nchi hii. Waingereza wamemchukua mbwa mwitu, wakamfanya kitenzi cha kumeza chakula kwa pupa. Ajabu ni kwamba nchini England mbwa mwitu wa porini walikwisha kutoweka karne nyingi zilizopita. Mnyama ameondoka, tabia yake imebaki mezani, na kwa hiyo jina limebaki.

Wala tusidhani kwamba hilo ni la Waingereza peke yao. Lugha yetu haikupungukiwa. Tuna kufakamia, ndiko kula kwa uroho na haraka. Tuna kubugia, ndiko kujaza kinywa mpaka mashavu yakatuna. Tuna kuakia, ndiko kukitupa chakula kinywani na kukimeza kabla ya meno kukijua. Tuna kugugumia, ndiko kunywa kwa mikupuo isiyo na pumzi. Watu hawatungi maneno manne kwa jambo lisilotokea. Wazee wetu waliliona, wakalipa majina, na hakuna hata moja katika hayo ambalo mtu angependa kuitwa nalo mbele za watu.

Ndugu zetu, hebu tumfanyie mbwa mwitu uadilifu. Kwa nini anakula vile? Mbwa mwitu huwinda kwa kundi, na mawindo yake mengi humponyoka. Huweza kukaa siku kadhaa bila ya kutia kitu tumboni, na akipata anaweza kula hata kilo 9 za nyama kwa mlo mmoja. Anaharakisha kwa sababu mbili. Ya kwanza, hajui kesho atapata nini. Ya pili, pembeni yake wako wenziwe wenye njaa kama yeye, na asichokimeza yeye sasa hivi watakimeza wao. Hana ghala, hana jiko, wala hana wahyi ulioteremshwa kumfundisha. Kwake yeye haraka ni udhuru.

Sisi je? Tunapoadhiniwa Magharibi katika ukumbi huu, tunajua kwamba chakula kipo, na kwamba baada ya Tarawehe kitakuwapo tena, na kwamba daku inatungoja kabla ya Alfajiri. Walioketi pembeni yetu si washindani, ni ndugu zetu. Tunapofakamia, basi, miili yetu inasema mambo mawili ambayo ndimi zetu haziwezi kuthubutu kuyasema: kwamba hatuna hakika na Mwenye kuruzuku, na kwamba hatuna imani na ndugu aliyeketi ubavuni mwetu. Hilo ndilo jambo tulilokuja kulisema leo. Yaliyobaki ni ufafanuzi wake.

Tuanze na lililotokea hapa hapa. Ijumaa ya kwanza ya mwezi huu tulikuwa na futari ya pamoja. Mama zetu walikuwa jikoni tangu baada ya Adhuhuri. Walipika uji wa pilipili manga, mbaazi za nazi, muhogo, kaimati, sambusa za nyama na pilau ya watu mia na zaidi. Adhana ikaadhiniwa. Tukachukua tende, tukasali kwa haraka ambayo Mola wetu ndiye anayeijua, kisha tukaiendea meza. Katika muda usiozidi robo saa meza ilikuwa tupu. Sahani zilipita mbele yetu zikiwa na sambusa sita sita, na pilau iliyopandishwa kama kichuguu, na juu yake kaimati, na juu ya kaimati hapakuwa na nafasi.

Dada zetu waliopika walimaliza kugawa, wakasali, wakatoka kuja kula. Walichokikuta ni ukoko wa pilau na mchuzi wa muhogo usio na muhogo. Baada yao akaingia ndugu yetu mmoja ambaye kazi yake ni kuendesha basi. Alifungua saumu yake kwa maji kituoni, akamaliza zamu, akaja moja kwa moja kwa sababu alitamani kula na watu wake. Nyuma yake akaingia dada yetu anayehudumia wazee katika nyumba yao ya kulelewa. Wote wawili walipewa chai na vipande vya mkate. Walishukuru. Ndugu yule akakunja mikono ya shati, akatusaidia kuosha masufuria.

Ilipofika zamu ya kusafisha ukumbi, tulijaza mifuko mitatu mikubwa ya taka. Ndani yake mlikuwa na sambusa zilizoumwa mara moja tu, na pilau ambayo haikuguswa, na kaimati zilizolowa mchuzi. Zingatieni hesabu hiyo: usiku mmoja, chini ya paa moja, tulikuwa na wenye njaa na tulikuwa na chakula katika taka.

Hatumtaji mtu, wala hatumnyooshei mtu kidole. Sisi tuliosimama mbele yenu tulikuwa katika foleni ile, na sahani yetu haikwisha. Ndugu yule hajafika tena kwenye futari zetu tangu siku hiyo. Tulimpigia simu, akasema ni zamu za kazi. Hatukujua kama kweli ni zamu, au ni adabu yake ya kutotuaibisha. Kwa ajili yake, kabla ya mtu mwingine yeyote, darsa hii inasomwa.

Pengine mtu atasema: lakini dini imetuhimiza kuharakisha futari. Ni kweli. Katika Hadithi ya Sahl bin Saad (R.A.), iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume (S.A.W.) amebainisha kwamba watu hawataacha kuwa katika kheri maadamu wanaharakisha kufuturu. Lakini tuulize: ni nini kinachoharakishwa? Ni kuifungua saumu jua linapozama, tusiicheleweshe kwa kujikalifisha. Na Anas (R.A.) anatusimulia Mtume mwenyewe aliifungua vipi: kwa tende mbivu chache kabla ya kusali, zikikosekana basi tende kavu, nazo zikikosekana basi mafunda ya maji. Haraka yote hiyo inatimia katika tende na funda la maji. Inakwisha hapo. Haikuvuka kwenda kwenye sufuria ya pilau.

Tena tazameni. Mtume huyo huyo (S.A.W.) ameelekeza kwamba chakula cha usiku kikiwa kimeandaliwa na Sala ikakimiwa, mtu aanze na chakula, wala asifanye pupa mpaka amalize haja yake. Imepokewa kwamba Abdullah bin Umar (R.A.) alikuwa akisikia kisomo cha imamu naye yuko kwenye chakula chake, wala hainuki mpaka amalize. Wanachuoni wameeleza hekima yake: ni ili mtu asisimame mbele ya Mola wake na hali moyo wake uko chunguni. Kwa hiyo iwe tumesali kwanza baada ya tende, kama desturi yetu hapa, au iwe tumekula kwanza, adabu ni moja, nayo ni utulivu. Anayemeza haraka ili awahi Sala, na anayesali haraka ili awahi meza, wote wawili wamekosa kitu kile kile.

Kuhusu kiasi, Qur'ani imelimaliza jambo katika aya ya 31 ya Surat Al-A'raf, ambamo Mola wetu ametuamrisha tule na tunywe, kisha akatukataza kupita kiasi, na akatujulisha kwamba wapitao kiasi hawamo katika mapenzi yake. Amri ya kula imetangulia. Dini yetu haikuchukia chakula wala haikuona aibu ladha. Na Mtume (S.A.W.), katika Hadithi ya Miqdam bin Maadikarib (R.A.) iliyopokewa na Tirmidhi, alieleza kwamba mwanadamu hakujaza chombo kibaya kuliko tumbo lake, na kwamba vitonge vichache vya kuusimamisha mgongo vinamtosha. Akiwa hana budi kuzidisha, basi theluthi iwe ya chakula, theluthi ya kinywaji, na theluthi ya pumzi. Wengi wetu tunaihifadhi Hadithi hii. Tatizo letu ni kwamba baada ya futari hatuwezi kuisoma kwa sauti, kwa sababu ile theluthi ya pumzi tumeijaza kaimati.

Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111 kwa tarehe ya Miladi, alipoandika siri za funga katika kitabu chake cha Ihya, aliuliza kwa maana hii: saumu itamsaidiaje mtu kuyavunja matamanio yake ikiwa jioni analipiza yote yaliyompita mchana, na pengine akaongeza? Zimepita zaidi ya miaka 900 tangu aandike, na swali lake limetukuta na sahani mkononi.

Lakini Hadithi ambayo tungependa kila mmoja aondoke nayo usiku huu ni nyingine, nayo inahusu tende. Katika zama za Abdullah bin Zubayr (R.A.) watu walifikwa na mwaka wa njaa, wakawa wanapewa tende za kula pamoja. Ibn Umar (R.A.) alikuwa akipita karibu nao wanapokula, akiwakumbusha wasichukue tende mbili mbili kwa pamoja, kwa kuwa Mtume (S.A.W.) amelikataza hilo, isipokuwa mtu akimtaka ndugu yake idhini.

Ndugu zetu, tuitafakari kidogo. Tende moja ya ziada ina uzito gani? Mtu angeweza kusema ni kitu kidogo mno kwa sharia kukishughulikia. Lakini anayetia tende mbili kinywani wakati wenziwe wanatia moja moja ameongeza mwendo katika chakula cha shirika, na mwisho wa bakuli atakuwa amekula fungu la mwingine bila ya kumnyang'anya mkononi. Hakuna atakayemwita mwizi. Ni haraka tu. Ndiyo maana ikatakiwa idhini: haraka yako ina mwenyewe, naye ni yule aliye nyuma yako katika foleni.  Na sambusa ya sita katika sahani yetu ilikuwa na mwenyewe, naye wakati ule alikuwa nyuma ya usukani wa basi.

Mtume (S.A.W.) ametufundisha pia kwamba chakula cha wawili kinawatosha watatu, na cha watatu kinawatosha wanne. Hesabu hii haikubali katika meza ya mbwa mwitu. Inakubali pale tu kila mmoja anapokula huku akimtazama mwenzake.

Hapa tunawakumbuka wazee wetu wa Unguja na Pemba, wa Mombasa na Lamu, wa Barawa na Ngazija. Tulilelewa kwenye sinia. Magharibi ikiingia, majirani walitoa masinia barazani, na mpita njia hakuachwa apite bila ya kuitwa. Kila mmoja alikula upande wake. Mkubwa alikata nyama akaisukuma mbele ya mdogo, na mdogo hakuinyooshea mkono mpaka isukumwe. Aliyefakamia alionekana, maana shimo lilijitokeza upande wake wa sinia kabla ya pande nyingine, na jicho la babu lilitosha kumrudisha. Sinia lilikuwa mwalimu asiyesema.

Tulipohamia huku tuliingia katika sahani za karatasi. Hatuzilaumu, zina urahisi wake. Lakini sahani ya karatasi haina jirani. Mtu huijaza kwa kukisia njaa yake, na njaa ya mwenye saumu ni mkadiriaji mbaya sana. Kisha huondoka nayo hadi pembeni, na hakuna anayejua alichokiacha mpaka mifuko ya taka ifunguliwe.

Tuseme neno pia juu ya mwili, kwa kuwa nao ni amana. Shibe haiingii ubongoni mara moja. Tumbo na utumbo hupeleka habari kwa njia ya mishipa ya fahamu na homoni, na madaktari husema habari hiyo huchukua kama dakika 20 kufika. Aliyemaliza sahani mbili kwa dakika saba amekwisha kujaza chombo kabla ya mjumbe kubisha mlango. Ndipo tunapoona kiungulia, na uzito, na usingizi katika rakaa ya nne ya Tarawehe, wakati tulifunga ili tupate wepesi wa kusimama. Wazee wetu wengi wana maradhi ya kisukari, na mlo mkubwa wenye wanga na utamu uliomezwa kwa pupa hupandisha sukari ya damu kwa kasi. Wao wasikilize ushauri wa madaktari wao, na sisi tusiwasukumie sahani kwa jina la ukarimu. Hatusemi kwamba sunna inangoja kuthibitishwa na madaktari. Tunasema tu kwamba tende, maji, kisha Sala ya Magharibi, huupa mwili nafasi ya kuamka polepole, na sisi tumekuwa tukiitumia nafasi hiyo kutazama mlango wa jikoni.

Kuna udhuru mmoja tuliokuwa nao zamani katika nchi hii. Mwaka 2016 Ramadhani iliangukia mwezi wa Juni. Hapa Uingereza Magharibi iliingia baada ya saa tatu ya usiku, na Alfajiri ikawahi. Katika saa chache hizo tulitakiwa tufuturu, tusali Isha na Tarawehe, tule daku na tupate lepe la usingizi kabla ya kazi. Haraka ilieleweka. Lakini Ramadhani hurudi nyuma kama siku 11 kila mwaka, na sasa imetoka katika siku ndefu za kiangazi. Usiku umerefuka, na haraka yetu haikupungua hata dakika moja. Inaonyesha kwamba saa haikuwa sababu.

Turudi kwa mtoto wetu. Mtume (S.A.W.) alimlea kijana mdogo, Umar bin Abi Salama, mwana wa mkewe Ummu Salama (R.A.). Mkono wa mtoto huyo ulikuwa ukizunguka katika sahani, ukichota hapa na pale. Mtume hakumfokea, wala hakumwita mnyama. Alimfundisha mambo matatu tu: ataje jina la Mwenyezi Mungu, ale kwa mkono wa kulia, na ale kilicho mbele yake. Umar alipokuwa mtu mzima alisimulia kwamba huo ndio ukawa mwendo wake wa kula tangu siku hiyo. Maneno machache, kwa upole, kutoka kwa mtu ambaye mwenyewe alikula hivyo hivyo alivyofundisha, yakadumu maisha mazima. Watoto wetu wanajifunza Bismillahi kwa masikio na wanajifunza kufakamia kwa macho. Mtoto wa madrasa aliandika alichokiona. Tukitaka abadilishe sentensi yake hatuna haja ya kumnyang'anya kalamu. Tumwonyeshe kitu kingine cha kuandika.

Mbwa mwitu ametajwa katika Hadithi pia. Kaab bin Malik (R.A.) amepokea kutoka kwa Mtume (S.A.W.), kama alivyoitoa Tirmidhi, kwamba mbwa mwitu wawili wenye njaa waliofunguliwa katika kundi la kondoo hawaliharibu kundi hilo zaidi ya jinsi pupa ya mtu juu ya mali na cheo inavyoiharibu dini yake. Pupa ya sahani ni ndugu mdogo wa pupa ya mali na cheo. Mkono uliozoea kuchukua sambusa sita bila ya kutazama nyuma hautajifunza kutazama nyuma siku ya kugawa mirathi, wala siku ya kugawa madaraka katika jumuiya. Funga ni chuo cha mkono huo, na mtihani wake hufanyika kila siku wakati wa Magharibi.

Kwa hiyo, baada ya kushauriana na kamati na kina mama wa jikoni, tunapendekeza mambo manne, tuyaanze leo.

La kwanza: tende na maji vitagawiwa mlipoketi, kisha tutasali Magharibi bila ya haraka, na meza itafunguliwa baada ya nyiradi fupi.

La pili: kabla ya foleni kuanza, sahani za waliopika na sahani za ndugu zetu walioko kazini zitatengwa na kufunikwa. Kila mwenye ndugu anayechelewa kwa sababu ya zamu alete jina lake. Mwenye kuchelewa kwa ajili ya rizki ya halali awe wa kwanza kuhesabiwa, asiwe wa mwisho kukumbukwa.

La tatu: duru ya kwanza kila mtu atachukua kidogo, na mwenye haja atarudi. Hakuna aibu katika kurudi. Aibu ni kuacha. Na siku za Ijumaa tutajaribu tena masinia, watu watano watano, wakubwa wakiketi pamoja na wadogo.

La nne: kitakachobaki kikiwa safi kitafungwa na kupelekwa kwa wagonjwa, kwa wanafunzi wanaoishi peke yao, na kwa majirani zetu wa mtaa huu, Waislamu na wasio Waislamu. Mwenye kupewa chakula na jirani mwenye saumu atajifunza kitu juu ya Uislamu ambacho hakuna karatasi ya daawa itakayomfundisha.

Ama ndugu yetu wa basi, wawili katika sisi watakwenda nyumbani kwake kesho, inshaallah, kumwomba radhi na kumwambia kwamba sahani yake ipo.

Tumalizie kwa kisa. Nabii Yaakub (A.S.) alihofia mbwa mwitu asije akamla mwanawe Yusuf. Wanawe wakamrudia usiku wakilia, wakiwa na kanzu iliyopakwa damu ya uongo, wakamsingizia mbwa mwitu. Mnyama yule hakumgusa Yusuf. Waliomtupa kisimani ni ndugu zake, watu ambao hawakuridhika na fungu lao la mapenzi ya baba. Na sisi tumezoea kusingizia: tunasema ni njaa, ni saa nyingi, ni uchovu wa kazi. Njaa haikutufanya tuchukue sita. Mbwa mwitu hana hatia.

Na Yusuf (A.S.) je? Miaka ikapita, akakabidhiwa hazina za nchi ya Misri, ikaja miaka ya njaa, na ndugu wale wale wakasimama mbele yake wakiomba chakula. Angeweza kuwapunja, na hakuna ambaye angemlaumu. Aliwapimia kipimo kamili. Huyo ndiye tunayetaka watoto wetu wamwone anapoingia katika ukumbi huu: mtu mwenye chakula mbele yake na njaa tumboni mwake, ambaye kwanza anatazama nani hajapata.

Ewe Mola wetu, zikubali saumu zetu na visimamo vyetu. Zitie shibe nyoyo zetu kabla ya matumbo yetu. Wabariki mikono iliyopika, walinde walioko safarini na makazini, washibishe wenye njaa kila walipo, na warehemu wazazi wetu waliotufundisha kula upande wetu wa sinia. Amin.

Jua linakaribia kuzama. Tende zinapita sasa, na tunaomba kila mmoja achukue moja, ampishie mwenzake.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.